Stika Iliyobaki Mkononi

Mimi ni mwoga. Niliseme mapema, maana mtu akisikia nimefanya kazi maktaba miaka kumi na moja anategemea nimsimulie utulivu. Utulivu ulikuwepo, wa wasomaji. Mimi kila gari likisimama nje nachungulia dirishani. Nilizaliwa Igalula, nyumba ya pili kutoka reli, na mama husema treni ilikuwa haijapiga hata honi mimi nimeshaingia chini ya kitanda.

Maktaba yenyewe iko Tabora mjini na ina wenyewe wawili: tawi la chuo kikuu na chuo cha uuguzi. Jengo moja, mlango mmoja, wahudumu watatu. Vitabu vya chuo kikuu vina utepe wa bluu mgongoni, vya uuguzi vina utepe mwekundu, na wanafunzi wa pande zote mbili wanagombea meza zile zile zilizo chini ya feni. Sisi wahudumu tulikuwa na mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Ukiisha unaomba upya, unakaa roho juu mpaka jibu lirudi.

Mwaka ninaousema ulianza kwa kikao. Mkutubi mkuu, mtu asiyepandisha sauti hata akikasirika, alitutangazia kwamba huu ni mwaka wa maendeleo. Kompyuta zinakuja, makabati ya kadi yanaondoka, kila kitabu kitabandikwa stika yenye mistari na kusomwa na mashine. Tukafurahi. Kisha akasema mwisho wa mwaka kutakuwa na ajira za kudumu, nafasi mbili. Tulikuwa watatu. Nilihesabu vichwa mle ofisini mara mbili, kana kwamba jibu lingebadilika.

Hofu ingekuwa hiyo tu, ningeivumilia. Lakini mimi nilikuwa na jambo langu jingine.

Sisi tulikuwa na utaratibu wa tangu zamani. Kitabu kikiazimwa, mahali pake rafuni unaweka kibao cha mninga, ukubwa wa daftari, kimepigwa randa na fundi wa hapa hapa mjini. Kwenye kibao unabandika karatasi yenye jina la aliyekichukua, halafu unaandika kwenye leja. Ukipita mbele ya rafu unajua bila kuuliza kipi kiko nje na kiko kwa nani. Basi kwenye rafu ya ukunga palikuwa na kibao kimoja hakina karatasi. Nilikiweka mimi, na kwenye leja sikuandika kitu.

Kitabu chake kilikuwa Ipole. Nilimpa binti mmoja aliyesomea uuguzi hapa kwetu, akapangiwa zahanati ya huko, karibu na wafuga nyuki na mashamba ya tumbaku. Alikuja siku moja akanisalimia shikamoo, nikaitikia marahaba, halafu akabaki amesimama pale dirishani kwangu. Akasema, "Mama, mwenzangu kaenda masomoni, niko peke yangu. Naomba kile cha ukunga cha Kiswahili." Nikamuuliza kwa nini hicho, wakati wao wanasoma vya Kiingereza. Akasema, "Vile nilivifanyia mtihani. Nikiogopa, Kiingereza kinanikimbia."

Angesema jambo lingine lolote ningemkatalia, maana aliyemaliza chuo haruhusiwi kuazima. Lakini mtu akiniambia anaogopa, huyo ni ndugu yangu. Nilikitia kwenye mfuko wake wa sokoni, nikakifunika kwa kitenge chake mwenyewe, naye akaondoka nacho. Ilikuwa imeshapita miaka miwili.

Kompyuta zikaja. Mkutubi mkuu akaagiza vibao vyote vitolewe, mashine ndiyo itakayokumbuka. Mama wa mgahawa akavibeba kwenye beseni, akachemshia chai wiki nzima, na sisi tukainywa tukasifu maendeleo. Kibao changu kilikuwemo humo. Vitabu vikasogezwa kuziba mapengo, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshasahau.

Kazi ya stika tuligawana. Mimi nikapewa utepe mwekundu wote. Stika zilikuja zimechapwa kwa mpangilio wa kadi, ya kwanza kwa kadi ya kwanza, na kuendelea. Zilikuwa na mistari na namba tu, jina la kitabu halimo. Zile za vitabu vilivyoandikwa kwenye leja kwamba viko nje zilishatolewa pembeni. Tuliambiwa kabla ya kubandika ufungue kadi, usome jina, ulinganishe na kitabu. Mwenzangu, kijana wa mjini hapa ambaye baba yake ni fundi cherehani, alifanya hivyo hivyo, kitabu kwa kitabu, pole pole mpaka ananiudhi. Mimi niliona ananichelewesha bure. Vitabu vyangu navijua hata nikifumba macho, nalinganisha nini? Nikabandika kushoto kwenda kulia, bila kufungua kadi hata moja. Nikamaliza siku tatu kabla yake, nikajiona ajira ile pale.

Nilipofika kitabu cha mwisho cha utepe mwekundu, nilibaki na stika moja mkononi.

Niliitazama. Vitabu vimekwisha, stika haijaisha. Nikakaa kwenye kigoda cha kupandia rafu. Nilichukua kitabu cha malaria nikakipitisha kwenye mashine, kioo kikaandika kitabu cha lishe. Nikachukua cha lishe, kikaandika cha upasuaji. Nikarudi nyuma rafu kwa rafu, jasho linanitiririka mgongoni, nikitafuta uongo ulipoanzia. Ulianzia kwenye ukunga, pale pale kilipokuwa kibao changu. Stika ya kitabu cha Ipole niliibandika kwenye kitabu cha jirani yake, ya jirani ikaenda kwa anayefuata, hivyo hivyo mpaka mwisho. Rafu sita. Kusema nimekosea stika ni kusema kitabu kiko wapi, na kusema kiko wapi ni kuaga kazi.

Nikaikunja ile stika nikaitia kwenye sidiria. Mwenzangu akauliza, "Umemaliza, dada?" Nikamwambia nimemaliza.

Miezi miwili niliishi kama mwizi anayeishi nyumba alimoiba. Nilijaribu kubandua, nikaleta mafuta ya taa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi; stika ikatoka na jalada. Nikaomba nikae mimi kwenye meza ya kuazimishia kila siku, nikawa nachapa namba sahihi kwa mkono badala ya mashine, nikisingizia mashine ina kigugumizi. Wenzangu wakaniona nina bidii. Mkutubi mkuu akanisifu mbele ya watu, nami nikainama kufuta meza iliyokuwa safi. Halafu nikaugua malaria kweli, siku nne, na meza akaikalia mwenzangu na mashine yake isiyo na kigugumizi.

Wiki moja baada ya kurudi nilimkuta binti wa mwaka wa mwisho wa uuguzi amesimama mezani na fomu ya kumalizia chuo, ile inayozunguka ofisi zote kutafuta sahihi. Zote alishapata, imebaki ya maktaba. Mwenzangu hataki kusaini. Kompyuta inasema binti amechukua kitabu cha upasuaji na hajakirudisha.

"Kaka, mimi nilichukua cha lishe, na nimekirudisha," alisema. "Hicho kingine sijawahi hata kukishika."

"Mashine haina ugomvi na wewe, mdogo wangu. Tafuta kitabu."

Binti akanigeukia. "Shikamoo mama. Mama, wewe unanijua. Wenzangu wameshaitwa kwenye kazi."

Nilikuwa namjua. Nilijua kwamba cha lishe alikiazima kwa mashine nikiwa naumwa, akakirudisha kwangu nikachapa namba ya lishe kwa mkono, na kile cha upasuaji kiko rafuni, hatua kumi kutoka pale. Nikasema, "Njoo kesho, mwanangu, tutaangalia." Akaondoka anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mimi nikaenda kupanga magazeti ambayo hayakuwa kazi yangu. Sijawahi kujichukia namna ile.

Asubuhi yake niligonga kwa mkutubi mkuu. Nilimweleza yote nimesimama, maana nilijua nikikaa sitamaliza, kisha nikatoa ile stika nikaiweka mezani pake. Ilikuwa imelowa jasho la miezi miwili. Aliinyoosha kwa kidole gumba. Akasema kwa sauti yake ile ile, "Namba tutazisahihisha, siku nne tano. Binti asainiwe leo. Lakini kitabu kikiwa rafuni Ijumaa, hili limeishia humu. Kisipokuwepo, dada yangu, itabidi niandike barua."

Alhamisi alfajiri nikapanda basi la Sikonge, nikaunga mpaka Ipole. Njia nzima nilikuwa naomba niambiwe kimepotea, halafu naomba nisiambiwe kimepotea. Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu, akina mama wamekaa barazani na matumbo yao. Kitabu nilikiona kabla sijamwona yeye. Kilikuwa dirishani chumba cha kujifungulia, kimefungwa kwa karatasi ya nailoni, kurasa zimetiwa alama kwa vipande vya boksi la dawa.

Hakubishana. Angebishana ingekuwa nafuu. Alisema, "Ni haki, mama, kitabu si changu," akaomba dakika chache apige picha kurasa kwa simu yake. Simu ilikuwa na kioo kilichopasuka, kila picha mpaka ajaribu mara mbili. Alianza mwanzo, ukurasa kwa ukurasa, taratibu. Basi la kurudi lilikuwa moja, na dereva ameshapiga honi. Nikamwambia, "Fanya haraka, mwanangu, nitaachwa." Akafunga kitabu, akanikabidhi. Alikuwa hajafika hata nusu. Nikiwa mlangoni akanikimbilia na chupa ya asali, akasema ni ya safari.

Nilimwahidi nitampigia kopi zilizobaki. Sikupiga. Kwa utaratibu mpya, kitabu kizima hakipigwi kopi bila sahihi ya mkutubi mkuu, na mimi nilikuwa sithubutu kulitaja neno Ipole mbele yake. Ijumaa kitabu kilikuwa rafuni na stika yake sahihi. Mwezi uliofuata majina ya ajira yalibandikwa ubaoni, langu na la mwenzangu. Mhudumu wa tatu, mama mmoja mpole wa Nzega, alifungasha kikombe chake na kanga ya kukalia, akatuaga kwa kutushika mikono. Asali niliiweka juu ya kabati jikoni. Sikuweza kuila wala kuigawa.

Mchana mmoja, karibu na mitihani, maktaba imejaa watu wa bluu na wa nyekundu, simu ikatetemeka mfukoni. Namba ya Ipole. Nilikaribia kuikata.

"Mama," alisema, na nikaisikia ile hofu, naijua harufu yake. "Kuna mama kajifungua, damu haikati. Nimeshampa sindano. Gari la wagonjwa limetoka Sikonge halijafika. Kichwa kimeniganda. Nisomee. Pale penye boksi jekundu."

Kitabu kilikuwa hatua tano. Vipande vya boksi vilikuwa bado vimo, sikuwa nimevitoa. Nikafungua, na kwa kuwa yeye alikuwa ameweka simu chini na hasikii vizuri, ikabidi nipaze sauti. Mle ndani, ambamo kwa miaka yote nimewanyamazisha watu kwa kidole, nilisoma kwa sauti ya sokoni: weka mkono juu ya tumbo, sugua mfuko wa uzazi mpaka uwe mgumu. Hakikisha kibofu kitupu. Angalia kondo la nyuma limetoka lote. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Wanafunzi wote walikuwa wamegeuka. Mlango wa ofisi ukafunguka, mkutubi mkuu akatoka, akasimama mbele yangu mikono nyuma. Nikajua leo ndiyo leo, na sikuacha kusoma. Nilisoma ukurasa ule mara nne. Mpaka nikasikia mbali, kama mtu anayeongea akiwa chini ya maji, "Umekuwa mgumu. Mama, umekuwa mgumu. Inapungua." Kisha mlio wa gari, na simu ikakatika.

Nilibaki nimekishika kile kitabu kifuani. Mkutubi mkuu akauliza, "Ni yule wa Ipole?" Nikasema ndiye.

Akaenda kwenye meza ya kuazimishia, akaketi kwenye kiti changu, akanyoosha mkono nikampa kitabu. Akakipitisha kwenye mashine. Nikamwambia mashine haitamkubali, si mwanafunzi tena. Akasema anajua. Akachapa kwa vidole viwili, pole pole, jina lake mwenyewe, akanirudishia kitabu. "Kesho kuna basi," akasema, akarudi ofisini na kufunga mlango.

Nilikipeleka. Asali nayo nikairudisha, yule binti akacheka akanikatalia. Kila mwisho wa muhula wakaguzi wa vyuo vyote viwili wanapokuja, kompyuta inatoa orodha ya walioshindwa kurudisha vitabu, na jina la kwanza ni la mkutubi mkuu. Siku hizo huwa naona taa ya ofisi yake inawaka mapema kuliko kawaida, naye anachungulia dirishani kila gari likisimama. Nampelekea chai. Tunainywa, tunaogopa wawili.