Kikombe cha Nabii Eliya

Nyinyi vijana, msidhani wivu ni wa wake wenza tu. Mimi na ukongwe wangu nilimwonea wivu kikongwe mwenzangu, Myahudi, kwa sababu ya neno moja.

Mjukuu wangu wa kike alikuwa akimtunza huko Al Jaddaf, ghorofani. Mwanzo alimwita madam, kama waitwavyo waajiri wote Dubai hii. Siku moja tunakula hapa kwetu Karama, akasema, "Bibi kanifundisha kupika samaki."

Nikamwuliza, "Mimi? Lini?"

Kumbe si mimi. Bibi alikuwa yule.

Toka hapo Ijumaa, siku yake ya kuja kula kwetu, akawa haji. Pilau yake inapoa.

Sikukuu yao ya Pasaka ilipofika, yule mama akanialika. Nikaenda, nimjue mwizi wangu. Kizungu sikijui, kwa hiyo mjukuu akawa anatupokezea maneno, hata hilo likanichoma. Mezani palikuwa na kikombe cha fedha kimejaa maji ya zabibu, wala hakuna aliyeketi mbele yake. Kwetu kikombe kisicho na mwenyewe ni cha mgeni, na mgeni nilikuwa mimi. Nikakichukua.

Mjukuu akanidaka mkono. "Bibi, hicho cha Nabii Eliya!"

Mwenye nyumba akacheka mpaka akakohoa. "Mwache anywe. Eliya kachelewa miaka yote, leo atamkasirikia nani?"

Akanieleza kuwa Eliya ndiye atakayetangulia kutangaza kuja kwa Masihi. Nikamwambia Masihi sisi twamjua, ni Isa bin Mariamu, keshakuja na atarudi.

"Sisi twasema hajaja," akajibu. "Atakuwa mtu, ana baba na mama, wa ukoo wa Daudi. Atawarudisha kwao waliotawanyika, na vita vitakwisha. Wewe waona vimekwisha?"

"La."

"Basi bado twangoja."

"Na hamchoki?"

"Twachoka sana. Lakini mlango twafungua."

Akamwashiria mjukuu wangu, naye akaenda mbio kuufungua. Mlango wangu mimi hajaukimbilia hivyo. Hakuingia mtu, ila baridi ya kiyoyozi cha korido. Yule bibi akautazama mlango kwa raha, kama mtu mwenye ahadi yake mkononi. Roho ikaniuma. Mimi ninayemngoja yuko hai, anapanda metro, ana simu, na nilikwishaanza kumnunia na kuwagawia wengine pilau yake. Yeye anamngoja asiyemwona, na kikombe chake hakijaguswa na mtu ila mimi.

Sikumpenda siku ile, wala leo simpendi. Mjukuu aliponisindikiza kwenye lifti nikamwuliza, "Ijumaa?"

"Inshallah, bibi."

Inshallah za vijana nazijua.

Nilipofika nyumbani nikawaambia watu wangu: "Ijumaa sahani yake iwekwe, ijae. Asipokuja, iwekwe na Ijumaa ijayo. Mtu asiiguse. Na mlango msiufunge."