Kazi ya Kukaa

Kila likizo kuu, watoto wakishafunga shule, majengo yao huazimwa na shule ya uchoraji ya watu wazima. Madawati husukumwa ukutani, na madarasa huanza kunuka rangi na vumbi la mkaa. Hapo ndipo Shangazi alipopata kibarua cha kukaa.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Walimwita hivyo siku ya kwanza, na jina likamganda. Maisha yake yote alikuwa fundi cherehani, mpaka macho yakaanza kumsumbua. Sasa kazi yake ilikuwa kupanda kwenye kiti kilichowekwa juu ya meza, kutulia, na kuchorwa. Mdogo wake wa kiume aliposikia, alicheka hadi akapaliwa na chai. Akasema heri yake dada anayelipwa kwa kukaa. Wakati huo Shangazi alikuwa anamgeuza baba yao kitandani. Mzee alikuwa amepooza upande mmoja, na tangu hapo kumgeuza, kumwogesha na kumlisha vyote vilikuwa juu ya bintiye. Akiwa kazini, jirani ndiye aliyemchungulia mzee. Mdogo mtu, aliyeishi mtaa wa pili, alikuwa na mgongo mbovu kila alipoombwa msaada.

Mtu akikaa bila kusogea huona mengi. Shangazi aliona jinsi wanafunzi walivyogombana kimyakimya juu ya dirisha, mmoja akilifungua kwa joto, mwingine akilifunga kwa vumbi. Alimwona mstaafu wa benki, waliyemwita Benki, ambaye kila siku alimchora viatu tu, kwa sababu uso ulimtisha. Aliona jinsi mama kijana mwenye mimba alivyofuta, akachora, akafuta tena hadi karatasi ikatoboka. Mwalimu wao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alipita nyuma yao akisema maneno yaleyale: angalia kwanza, mkono utafuata. Asubuhi aliyasema kwa moyo. Ikifika mchana aliyasema kama mtu anayesoma tangazo la basi.

Wote walichoka, lakini uchovu wao ulikuwa wa watu watakaokwenda nyumbani kulala. Shangazi aliwaonea wivu kidogo, kisha akajisuta.

Mchana mmoja, baada ya usiku ambao mzee alimwita mara kwa mara, sasa maji, sasa mto, sasa hajui anataka nini, alikaa kitini kama kawaida. Alikumbuka kuona dirisha likifunguliwa. Kilichofuata hakukijua. Aliposhtuka, jua lilikuwa limehamia ukuta mwingine, na hakuna aliyekuwa anazungumza. Wote walikuwa wanachora.

Alianza kuomba radhi. Akasema wamkate ujira wake, hajawahi kufanya jambo kama hilo. Mwalimu akampa mkono ashuke mezani.

"Pumzika, Shangazi. Mimi ndiye niliyewaambia wasikuamshe."

Shangazi akazunguka kutazama michoro, aone aibu yake. Karatasi ya kwanza ilimchekesha: mdomo wazi, kilemba kimemwangukia jicho. Benki, safari hii, alikuwa amechora uso. Lakini mbele ya karatasi ya yule mama kijana, kicheko kilimwishia. Mwanamke aliyechorwa amelala fofofo, kichwa kimeinama begani, ila mguu mmoja umekaa mbele, kisigino juu, kama mtu aliyeitwa na anakaribia kuinuka.

"Ndivyo nilivyolala?" aliuliza.

"Ndivyo, Shangazi. Nilidhani utaamka wakati wowote."

Aliiomba karatasi ile, akapewa. Jioni alimpitia mdogo wake, akaiweka mezani mbele yake. Mdogo mtu aliitazama, akasema waliomchora hawajui kazi, wamemzeesha.

"Hawajanizeesha," alisema Shangazi. "Mimi nimechoka, mdogo wangu. Baba ni wetu sote. Kuanzia kesho asubuhi utamwogesha wewe."

Mdogo mtu akautaja mgongo. Shangazi akasema mgongo aje nao. Hakupandisha sauti, hakuwa na nguvu ya kuipandisha.

Asubuhi mdogo mtu alikuja, amechelewa, amenuna. Shangazi alikuwa bado kitandani, chumba cha pili. Alisikia beseni likigonga mlango, maji yakimwagika, mzee akilalamika kwa maneno yake mazito kwamba maji ni ya baridi, na mwanawe akimjibu kwamba ni ya moto, ayaguse mwenyewe. Walibishana hivyo kwa muda. Mara mbili alitaka kuinuka akawaonyeshe sufuria ya maji ya moto ilipo. Akavuta shuka, akageukia ukutani, akawaacha waitafute.