Brashi Iliyokataa Kutoka

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimechoka hata kujicheka. Kazi yangu ni kuziba matangi ya maji kwa fiberglasi hapa Kawangware. Resini, ile gundi ya kupakia nyuzi za fiberglasi, huja kama uji mzito. Ukiitia dawa ya kugandisha kidogo, unapata muda wa kupaka. Ukizidisha, inachemka yenyewe bila moto na kuwa jiwe. Hayo nayajua. Nawafunza hata wengine.

Asubuhi moja huko Gatina, mtaa wa jirani, kulikuwa na baridi, nami sikuwa nimelala vizuri. Wapangaji wa ploti niliyoitwa kuziba tangi walinisimamia na mitungi mitupu. Ili resini ishike haraka, nikaimiminia dawa mkebeni kwa macho tu, kama chumvi kwa sufuria ya matanga. Nikakoroga, nikaacha brashi mkebeni, nikaenda kumalizia chai.

Kurudi, mkebe unafuka moshi! Kando yake kulikuwa na jiko la Mama Akinyi, muuza mandazi.

"Mama Akinyi, mbona umewekea resini yangu moto? Unataka kutuchoma?"

"Moto gani? Leo hata sijawasha."

Nikapiga kelele mpaka mwenye ploti akashuka. Nikamwapia kwamba jiko ndilo limechoma mkebe, lakini resini ndani iko sawa kabisa. Mama Akinyi aliingiza mkono ndani ya jiko lake, akautoa umejaa majivu baridi.

Mwenye ploti akangoja moshi uishe.

"Sawa, fundi. Kama iko sawa, paka nione."

Nikashika brashi, nikavuta. Ikainuka pamoja na mkebe wote.