Soma Maswali Kwanza

Yule mwalimu simpendi hadi leo, na sitajifanya. Alitufundisha Lodwar, mimi na kaka yangu, darasa moja, kwa sababu kaka alichelewa kuanza shule akichunga mbuzi. Kwa kila kifungu cha ufahamu alikuwa na amri moja tu: soma maswali kwanza, ingia kwenye kifungu, tafuta jibu, ukilipata toka. "Toka!" Utadhani mlikuwa na nyoka humo ndani. Mimi nilipoanza kusoma tangu mstari wa kwanza, alinichapa rula vidoleni. "Madam, unasoma gazeti hapa?"

Kaka ndiye alikuwa kipenzi chake. Macho yake yaliruka huku na huku kwenye ukurasa, na tayari, jibu hili hapa. Siku moja tukitoka kwenye mtihani nilimuuliza hadithi tuliyosoma ilimhusu nani. Akanikodolea macho. "Hilo halikuulizwa," akasema, na wenzetu wakanicheka mimi, si yeye. Siku ya wazazi mwalimu akamsimamisha mbele ya watu: huyu ndiye msomaji. Msomaji, eti! Mama, ambaye hajui hata herufi moja, akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Sasa mimi ni mwalimu Kakuma, kambini kwa wakimbizi, na wanafunzi wangu nao wananiuliza maswali yako wapi kabla hawajafungua kitabu. Yule bwana na rula yake wamefika mpaka huku! Mama anakaa upande wa Lopur na mbuzi wake. Ukame ulimmalizia kundi. Waliobaki ni majike wachache, na mvua iliporudi wakashika mimba. "Hawa wakizaa salama, nina kundi tena," aliniambia. Hakutaka kingine duniani.

Basi kaka akaja kutoka Lodwar na dawa ya minyoo ya mbuzi, chupa ndani ya boksi na karatasi yake. Mama akamuuliza karatasi inasemaje. Kaka akaifungua, akaitupia jicho, akaikunja. "Inasema kipimo ni hiki." Akawanywesha wote, kisha akarudi zake mjini akijiona mwana mwema.

Haikuchukua muda, mbuzi wakaanza kutupa mimba. Leo huyu, kesho yule. Mama aliponipigia simu nilichukua boda boda nikamkuta anafukia vitoto visivyo na hata manyoya, huku akiwafukuza mbwa kwa mawe. Alikuwa ameshamtukana jirani yake, eti ana jicho baya. Nikaokota lile boksi, nikaisoma karatasi upande wa Kiswahili, juu hadi chini. Nikampigia kaka: njoo, na uje leo.

Alifika na salamu yake, "Ejok, Mama," mdomo umejaa tabasamu.

"Ulisoma nini wewe?" nikamrukia.

"Nilikuwa natafuta kipimo," akasema. "Na kipimo kilikuwa sawa! Uliza mtu yeyote."

Sawa! Mungu wangu, nilitaka kumzaba kofi, mtu mzima na ndevu zake. Nikamwambia yeye na mwalimu wake wote ni vichwa maji. Mama akaninyamazisha kwa mkono. Akaichukua karatasi kwangu, akampa yeye.

"Nisomee yote, kwa Kiturkana," akasema. "Usiruke."

Kaka akaanza harakaharaka. Jina la dawa. Minyoo inayouliwa. Weka mbali na jua. Kipimo. Hapo akainua macho, akataka kuikunja.

"Imeisha?" Mama akauliza.

"Bado kidogo."

"Basi soma."

Akaendelea, na chini kidogo ya kipimo akakwama. Mama akamngoja. Jike mmoja alikuwa anazunguka pale tulipofukia, analia.

"Usimpe mbuzi mwenye mimba changa," kaka akasoma. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu anayesoma kitu kwa mara ya kwanza.



"Kumbe ilisema," Mama akamwambia. "Na mimi nilikuuliza inasemaje."