Uniangalizie Paa

Nichekeni, lakini mnicheke kwa huruma. Mama mkwe wangu, mtu wa Pemba, ana shamba la matufaha nje ya mji wa Markham, huku ughaibuni, alilolipanda na marehemu mumewe. Mwaka huu alisafiri msibani, akanipigia simu akiwa uwanja wa ndege: “Uniangalizie paa, mwanangu.”

Nikajua anahofia theluji ikute nyumba ya shambani inavuja. Mimi nami kwa kupenda sifa! Jumamosi nikapanda juu na nyundo, nikagonga mabati mchana kutwa. Swala waliokuwa wakila matufaha chini ya miti walitimka msituni. Nikafurahi kwamba nimeokoa na matunda. Nikayaokota yote, nikazungushia miti wavu.

Aliporudi nilimpeleka shambani mwenyewe, kifua mbele. Hakutazama juu hata kidogo. Alishika ule wavu, akainama kutazama majani makavu, kisha akaniuliza taratibu:

“Wako wapi paa wangu? Baba yenu aliwapandia miti hii. Ilichukua miaka hadi wakazoea kuja.”

Alisema “wako”, si “liko”. Na kidole changu kilikuwa tayari kimeelekea juu ya nyumba.