Mwanamke wa Kitanda Kisicho na Godoro

Watu hudhani wafu hutembea usiku. Mimi niliyemwona, nilimwona saa nane mchana. Taa za wodi zilikuwa zimewashwa kwa sababu ya wingu la mvua, na nesi alikuwa mezani kwake, hatua kumi kutoka nilipolala, anaandika. Sikuwa na homa. Sikuwa nimesinzia. Wanaosema uchungu ulinichanganya akili huwa nawasikiliza tu, maana mimi si mtu wa kubishana. Nikikatizwa mara moja hunyamaza kabisa. Lakini kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza, kwa hiyo nisomeni hadi mwisho, halafu mseme mnachotaka.

Nilizaliwa Litapunga, nikaolewa Kasokola. Mume wangu, Deus, alikuwa ameshafiwa na mke. Sikufichwa. Niliambiwa mapema kwamba mkewe aliitwa Anastazia, kwamba alikufa akijifungua mtoto wa kwanza, na mtoto naye hakuishi. Nilimhurumia, kisha nikasahau. Aliyekufa amekufa. Nani anaogopa mke mwenza aliyeko kaburini?

Jamani, heri mke mwenza aliye hai! Aliye hai iko siku ataunguza mboga. Atagombana na mama mkwe, atazeeka. Anastazia alikuwa hakosei tena. Nikipika ugali, mama mkwe anaumega, anautazama, anasema, "Marehemu alikuwa na mkono, jamani." Nikitoka shambani nimechoka, nasikia marehemu alikuwa akipalilia huku anaimba nyimbo za kanisani. Deus mwenyewe hakumsifu hata siku moja. Alinyamaza tu jina lake likitajwa, na ukimya ule uliniuma kuliko sifa zote za mama yake. Mimi nilijiapiza kwamba jina lile halitatoka mdomoni mwangu. Nikiwa peke yangu jikoni, nikikoroga ugali, nilikuwa namtukana chinichini. Nilimwita "huyo".

Chini ya kitanda chetu kulikuwa na sanduku la bati. Ndani mlikuwa na kitenge kimoja, cha kijani chenye ndege wa njano, kipya, bado kina karatasi ya dukani. Anastazia alikinunua cha kumpokelea mtoto. Kwetu, msiba ukiisha, nguo za marehemu hutolewa zote nje, ndugu zake wa kike wakagawana, hata leso haibaki. Deus alikificha kile kimoja. Siku niliyojua ni siku niliyomkuta ameketi kitandani, kitenge kiko magotini, anakipapasa kwa kiganja. Hakuniona. Mimba yangu ilikuwa na miezi mitano. Usiku ule alinishika tumbo, nikautoa mkono wake, nikamwambia nasikia joto.

Sasa sikieni kosa langu. Nilipokuwa napanga mfuko wa kwenda kujifungulia, nilikuwa na vitenge viwili vizuri alivyoniletea mama yangu. Sikuwa na shida ya nguo. Lakini Deus alipotoka kwenda shambani nilivuta sanduku, nikachukua kile cha kijani, nikakiweka juu kabisa ya mfuko. Nilitaka damu yangu ikiingie. Nilitaka mwanangu akikojolee, kifuliwe, kianikwe, kipauke, kisiwe cha mtu mwingine tena duniani. Mfuko ule niliupanga kwa wivu.

Siku zangu zilifika, zikapita. Wiki ikapita, ya pili ikaanza, tumbo kimya. Hospitalini mjini daktari akasema nitaanzishiwa uchungu kwa dawa, tusingoje zaidi. Mama mkwe ndiye aliyenisindikiza. Tulipofika barazani aliweka beseni chini, akanishika kidevu.

"Mkamwana, una kinyongo na mtu? Sema hapa hapa. Kinyongo kinafunga njia."

"Sina, mama."

"Hata na Deus?"

"Hata na yeye."

"Hata na mimi? Sema tu, sitakupiga."

Nilicheka, nikasema sina. Wazee wa kwetu humuuliza hivyo kila mwanamke ambaye uchungu wake umechelewa, na mwenye la kusema hulisema kabla ya kuingia. Mimi nililimeza, nikaingia nalo.

Asubuhi walinipa kidonge cha kwanza, baadaye cha pili. Nilishaambiwa uchungu wa dawa si kama uchungu wa Mungu, nikadhani wananitisha. Loo! Uchungu wa Mungu, wanasema, huja na kuondoka, unapumua, unarudi. Ule wangu uliingia ukakaa. Kiuno kilikuwa kama kinapasuliwa kwa shoka taratibu, na mpasuaji hana haraka. Nesi akija ananipima, anasema, "Sentimita tatu. Bado sana, mama. Inuka utembee." Natembea. Anapima tena. Tatu zile zile.

Kitanda cha jirani alikuja mama mmoja saa nne, uzazi wa nne, akiwa bado anatafuna muwa. Saa sita ana mtoto mkononi. "Pole, mdogo wangu," akaniambia, "wa kwanza ndiye anayefungua mlango." Nilimwonea wivu hata yeye. Wakamhamishia wodi ya waliojifungua. Nikabaki mimi, nesi, na pale dirishani kitanda kimoja kilichotolewa godoro, vyuma vitupu.

Mvua ilipoanza kupiga bati, niligeuza kichwa, nikaona mwanamke ameketi juu ya vyuma vile.

Alikuwa mjamzito kama mimi. Nywele amesuka twende kilioni, mistari minene imelala kurudi nyuma. Miguu mitupu. Alivaa gauni tu, hana kitenge kiunoni, nami nikashangaa, maana mke wa mtu wa kwetu hakai mbele za watu hivyo.

"Pole, mdogo wangu," akasema. "Ya kwanza?"

"Ya kwanza, dada."

"Na mimi ilikuwa ya kwanza."

Akaja nyuma yangu, akanikandamiza kiuno kwa viganja viwili. Mikono ilikuwa ya baridi kama maji ya mtungini, na niaminini, hakuna mtu aliyewahi kunishika vizuri vile. Maumivu yakashuka. Nikafumba macho. Nikawaza, laiti angekuwa ndugu yangu huyu.

"Deus bado anakula samaki wa migebuka akiacha vichwa?" akaniuliza.

"Anaviacha," nikajibu bila kufikiri.

"Anakupa wewe?"

"Anampa paka."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekuwa na shaka na sasa ametulia. "Mimi alikuwa ananipa. Alijua navipenda."

Nitasema ukweli ingawa ni aibu. Kabla ya hofu, ulinijia wivu. Nimelala pale nusu mfu, na moyo unauliza, kwa nini yeye alipewa, mimi nazidiwa na paka? Ndipo akili ikafika. Mikono hii ni ya nani?

"Wewe ni nani?" nikauliza.

"Unanijua. Unanitukana kila siku ukikoroga ugali."

Nilipiga kelele. Nesi akainua kichwa. "We binti, unaongea na nani? Pumua, usibane!" Alitazama pale pale aliposimama yule mwanamke, kisha akarudi kwenye kuandika kwake.

"Umekuja na nguo yangu," akasema yule mwanamke. Sasa alikuwa amehamia mbele yangu. "Una vitenge viwili vya mama yako. Mimi nilikuwa na hicho kimoja. Mwanangu alizikwa kwa shuka, kitenge kimebaki kwenye mfuko. Wewe unamletea wako."

Sauti yake haikuwa ya ukali. Lakini macho! Alikuwa akilitazama tumbo langu jinsi mimi nilivyokuwa nikilitazama sanduku lake.

Sijui njia ilifungukaje. Mara nikasikia kitu kinashuka, nikamwita nesi, naye alipofika alisema, "Mama yangu, kichwa hiki hapa!" Akamwita mwenzake. Wakaniambia nisukume, nikasukuma. "Usilie, sukuma! Nguvu unazolilia zipeleke chini!" Mwanamke yule hakuondoka. Alisimama miguuni pangu, kati ya manesi wawili, nao wakawa wanapita pale kama hakuna mtu.

Mtoto akatoka. Wa kike. Hakulia.

Nesi wa kwanza akamfuta, akamsugua mgongo, akamvuta uchafu puani. Kimya. Yule wa pili akasema, "Nguo, haraka!" akafungua mfuko wangu, akatoa cha juu. Cha kijani. Na mwanamke yule akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama mkunga anayengoja kupokea.

Hapo nilielewa bila kuambiwa. Mwanangu akifungwa kwenye kitenge kile, amekwenda.

"Si hicho!" nikasema.

"Binti, huu ni wakati wa kuchagua maua?"

"Si hicho! Kiweke chini!" Mimi, ambaye hata dukani huomba chumvi kwa kunong'ona, nilipiga kelele mpaka nesi akakiachia kikaanguka sakafuni, kwenye maji na damu. Kisha nikalitaja jina nililoapa kutolitaja. "Dada Anastazia! Nilikuwa na kinyongo na wewe. Nimekuonea wivu tangu siku ya kwanza. Nguo ni yako, nimekuibia. Chukua yako. Mtoto ni wangu, niachie."

Aliinama, akashusha mikono. "Na jina langu msimpe," akasema. "Mkiliita, nitaitika mimi."

Mwanangu akapiga chafya. Halafu akalia, kilio chembamba, kisha kikubwa. Wakamfunga kwenye kitenge cha mama yangu. Nami nikalia naye.

Baadaye nesi alikuwa anasafisha. Akauliza, "Nani kakiweka kitenge huku?" Kilikuwa juu ya vyuma vya kitanda cha dirishani, kimekunjwa mara nne, kikavu, hakina doa. Alinitazama. Akatazama sakafu iliyolowa. Akanikabidhi, na siku ile hakupita tena upande wa dirisha.

Jioni nilimsimulia mama mkwe. Nilingoja anicheke. Aliuliza jambo moja tu: "Nywele zake zilikuwaje?"

"Twende kilioni, mama."

Akakaa chini, palepale sakafuni. "Nilimsuka mimi," akasema. "Asubuhi ile ile tukija huku. Nilimwambia, acha nikusuke za harakaharaka, utasuka nzuri ukirudi."

Tulipotoka hospitalini hatukwenda nyumbani moja kwa moja. Tulipitia Misunkumilo, kwa mama yake Anastazia, nikampa kitenge kwa mikono miwili, nikapiga magoti. Mama yule hakuuliza kilikuwa wapi miaka yote. Alijifunika nacho kichwa, akakaa hivyo mpaka chai tuliyopewa ikapoa.

Mngependa niseme mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Ubatizo ulipokaribia, Deus akasema, "Tumwite Anastazia." Nikakataa. Akanitazama kwa huzuni. "Hata sasa, mama? Bado wivu?" Na hiyo ndiyo mara ya kwanza katika ndoa yetu ambayo haikuwa wivu! Ikabidi nimweleze, toka sanduku hadi chafya. Nilidhani atakasirika kwa kitenge, au atanihurumia kwa yaliyonipata. Alisikiliza hadi mwisho, machozi yanamtoka, kisha akauliza, "Aliniulizia?"

Nikasema hapana.

Mtoto tulimbatiza Yustina. Lakini siku moja nilikuwa naosha vyombo nyuma ya nyumba, nikamsikia Deus ndani anambembeleza kwa sauti ya chini, "Anastazia wangu." Nilikimbia mikono ikiwa na povu. Mtoto alikuwa mikononi mwa baba yake, lakini uso wake alikuwa ameugeuzia mlangoni, kwenye uwazi ambao hapakuwa na mtu, na alikuwa anacheka. Hakuwa amewahi kucheka. Kicheko cha kwanza cha mwanangu hakikuwa changu wala cha baba yake. Tangu hapo hadi giza lilipoingia alikataa titi langu. Deus hajalitamka jina lile tena ndani ya nyumba, sasa anaogopa kuliko mimi.

Kwa hiyo wewe dada unayeolewa na mwanaume aliyefiwa, nakuonya. Kabla hujalala nyumba ile, uliza nguo za marehemu zilikwenda wapi, na kama imebaki hata moja, ipeleke kwao ikiwa kavu na safi. Usimtukane usiyemwona. Na ukiulizwa barazani kama una kinyongo, usione haya kama mimi, sema, hata kama ni cha mtu aliyekufa.

Juzi nilipika migebuka. Deus akala, akavunja vichwa, akamtupia paka. Nilimtazama. Ningeweza kumwambia kwamba yupo aliyeniuliza habari za vichwa hivyo, na jinsi alivyocheka. Angefurahi mwaka mzima.

Sikumwambia. Na sitamwambia. Yeye alikuwa na sanduku lake, na mimi nina langu.