Jino Lisilo na Mwenzake

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa chupa iliyojaa meno ya binadamu, nikaambiwa niyasugue. Karibu nirudi nyumbani. Sista, mama wa Kizungu aliyesimamia chumba cha meno, aliniona nimeduwaa akadhani sikumwelewa, akarudia kwa sauti kubwa zaidi: nisugue mpaka yawe meupe, kisha niyatie kwenye spiriti. Nikamuuliza wenyewe walikufa kwa ugonjwa gani.

"Hapana kufa," akasema. "Wenyewe iko nyumbani, nakunywa uji."

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, hapa Nakuru, na mimi nilikuwa kijana aliyemaliza darasa la nane juzi tu. Baba alikuwa fundi wa reli, tukikaa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, pamoja na watu wengi wa kwetu magharibi, upande wa ziwa. Kama Wajaluo wengi wa rika langu, niling'olewa meno sita ya mbele ya chini nikiwa mvulana. Nawatajia pengo hilo mapema kwa sababu lina kazi yake mbele ya hadithi.

Nyinyi mnaosomea meno siku hizi mna viti vinavyopanda kwa umeme. Mashine yetu ya kutoboa niliiendesha kwa mguu kama cherehani, na nikichoka, mgonjwa alijua kabla ya daktari. Bwana Daktari wa Meno alikuwa Mwingereza mwembamba, mwepesi wa hasira, lakini alipenda kufundisha kuliko kula. Juma lile la kwanza alinishikisha jino moja akaniuliza limekaaje ndani ya taya. Nikasema limepigiliwa.

"Jino hapana msumari," akasema. "Jino nafungwa na kamba."

Nikadhani ananichezea. Akanieleza. Mwili wa jino ni dentini, kitu kigumu chenye rangi ya pembe. Sehemu inayoonekana mdomoni imevikwa enameli. Lakini mzizi, uliojificha ndani ya taya, umevikwa kitu kingine kabisa, utando mwembamba wa manjano hafifu unaofanana na mfupa. Kitaalamu ni sementamu. Sisi tuliita simiti ya jino. Kazi yake ya kwanza ni kushika kamba. Nyuzi ndogo mno, maelfu kwa maelfu, zimezikwa ncha moja ndani ya simiti na ncha nyingine ndani ya mfupa wa taya, kwa hiyo jino linaning'inia. Ukiuma kitu kigumu linadidimia kidogo na kurudi. Meno yanayoning'inia! Siku ile nilitafuna ugali polepole kwa hofu.

Simiti yenyewe ni ya namna mbili. Iliyo karibu na shingo ya jino ni nyembamba na haina seli ndani yake. Hujengwa taratibu, na ndiyo inayoshika nyuzi imara kabisa. Ile ya kwenye ncha ya mzizi, na pale mizizi ya magego inapoachana, ni nene. Hiyo hujengwa upesi hata seli zinazoijenga hunaswa humo humo, kila moja ndani ya kishimo chake, kama kunde kwenye uji mzito. Tena simiti si kama mfupa, ambao mwili huubomoa na kuujenga upya kila mara. Simiti huongezwa tu, tabaka juu ya tabaka, maisha yote. Sababu ni kwamba meno husagana. Jino likilika upande wa kutafunia, simiti huongezeka kwenye ncha ya mzizi na jino husogea mbele kidogo, lisije likaachana na mwenzake wa taya ya pili. Kwa hiyo, akasema Bwana Daktari, mzee ana simiti nene na mtoto ana nyembamba. Mimi nikalishika hilo kama katekisimu.

Sikuwa nimekaa sana kazini Inspekta wa polisi alipotuletea kijana wa Kikipsigis aliyefungwa pingu. Jina lake Kiprono. Kwenye shamba la mlowezi mmoja upande wa Lanet kulitokea ugomvi joshoni, pale wanapoogeshea ng'ombe dawa ya kupe, na nyapara akapigwa rungu akafa. Kiprono alikuwa amekiri. Korti ilibaki na swali moja tu, umri wake. Asiyefika miaka kumi na minane hanyongwi, anafungwa. Aliyefika, kamba.

Karatasi ya kuzaliwa hakuwa nayo, wala ya ubatizo. Alikuwa ametahiriwa, na Inspekta alisema hilo linatosha kuonyesha ni mtu mzima. Mama yake, aliyemfuata kwa miguu kutoka shambani, alisema ni mtoto. Nani angemsikiliza mama? Nilimtazama kijana mwenyewe: ndevu hana, lakini mrefu kama mlingoti. Kwa macho ungesema lolote.

Bwana Daktari alianza na magego ya mwisho. Upande mmoja gego lilikuwa limechungulia, upande wa pili bado, na hilo halisemi kitu, maana wengine huota magego hayo mapema na wengine wakiwa na watoto tayari. Eksirei yetu ilikuwa ya vifua na miguu. Picha ya taya ilitoka ukungu mtupu. Ndipo akasema atang'oa jino aupime mzizi. Alichagua jino la mbele la juu kwa kuwa lina mzizi mmoja ulionyooka, rahisi kusaga. Kiprono alikubali kwa kichwa. Lilikuwa jino zima, zuri, lisilo na doa. Nilimshikilia kichwa huku nikiona haya kumtazama usoni.

Nililisaga mwenyewe, kwanza kwenye jiwe la kunolea, kisha juu ya kioo chenye unga wa msasa, mpaka kikabaki kipande chembamba kinachopitisha mwanga. Tukakiweka chini ya hadubini. Makali ya jino yalikuwa bado na vile vinundu kama vya msumeno ambavyo mtoto huota navyo, na ambavyo huisha kwa kuuma. Huko lilikuwa jino la mtoto. Lakini kwenye ncha ya mzizi, salaala! Simiti ilikuwa nene, tabaka kwa tabaka, imejaa seli, simiti ya mtu mzima hasa. Bwana Daktari alihama kutoka upande huu hadi ule mara nyingi.

"Mzizi hapana danganya," akasema mwishowe. Akaandika kwamba kijana amepita miaka ishirini.

Inspekta alimpasulia mama habari hiyo pale pale barazani: mtoto wako ni mkubwa, atanyongwa. Mungu wangu, sijaona tena mtu akibadilika vile. Hakulia. Alimshika Bwana Daktari mkono, yeye mama wa shambani, amshike Mzungu mkono enzi hizo mbele ya polisi. Kiswahili chake kilikuwa kidogo.

"Rudisha hii," akasema. "Mimi taleta ingine."

Bwana Daktari alikuwa bado ameshika kile kipande cha jino. Alidhani, nami nilidhani, kwamba mama anataka jino lirudi na ataleta jingine lipimwe, labda la mdomo huo huo lenye bahati zaidi. Nikamweleza kwa upole kwamba jino likishasagwa halirudi. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyejua lugha.

"Rudisha hii," akasema tena. "Ingine iko nyumbani."

Inspekta akamwondoa.

Kesho yake mchana nilikuwa nyuma ya hospitali nakula hindi la kuchoma. Mtu asiye na meno ya mbele ya chini haumi hindi kama nyinyi. Hulipeleka pembeni mwa mdomo na kulipukuchua huko. Bwana Daktari alikuwa anapita. Akasimama. Nikadhani nina kosa, nikaficha hindi. Akaniambia nifungue mdomo, akayashika meno yangu ya juu ya mbele kwa vidole vyake, na masizi yote ya hindi. Yalikuwa yameshuka kupita ya jirani, maana chini hapakuwa na kitu cha kuyazuia. Nikaona rangi inamtoka usoni.

Kiprono naye hakuwa na meno mawili ya mbele ya chini. Wakipsigis wa enzi hizo waling'oa mawili, kama sisi tulivyong'oa sita. Tulimfungua mdomo, tukaingiza koleo, tukatoka, na pengo lile hatukuliona, kwa sababu tuliona mapengo ya namna hiyo kila siku hata tukaacha kuyaona. Jino tulilong'oa halikuwa na mwenzake. Ndiyo maana makali yake hayakulika. Na ndiyo maana simiti yake iliongezeka bila kukoma, jino likishuka kumtafuta mwenzake asiyekuwepo. Na ripoti ilikuwa imeshakwenda kortini.

Lakini korti haitaki wazo, inataka ushahidi. Bwana Daktari alihitaji jino jingine kama lile, la kijana ambaye umri wake unajulikana kwa karatasi. Akanitazama. Nilibatizwa mchanga, na kadi ya misheni ninayo. Ala! Nilikasirika nikamwambia mimi si ng'ombe wa kujaribiwa dawa. Angeweza kuniamuru, tuliamriwa mengi siku hizo. Badala yake aliketi kwenye ngazi karibu yangu akasema, "Tafadhali," neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nilishtuka kuliko kama angenipiga kofi. Nikamkumbuka yule mama, nikatupa gunzi, nikaenda kukaa kwenye kiti nilichozoea kukifuta.

Jino langu, la mtu asiyefika miaka ishirini, lilikuwa na simiti nene kuliko la Kiprono.

Kortini nilisimama nyuma kabisa, shavu limevimba. Bwana Daktari alisema mbele ya wote kwamba ripoti yake ilikuwa ya makosa. Jaji akamuuliza kwa ukali kama huwa anajua anachotia sahihi. Alijibu kwa Kiingereza, na sijasahau hata neno: "Nilipima jino, Mheshimiwa. Nilisahau kupima mdomo." Jaji akasema hawezi kumnyonga mtu kwa shaka. Kiprono akafungwa, na mama yake akaondoka bila kumtazama yeyote kati yetu.

Baada ya hapo nilizungushwa. Nilikwenda Molo kwenye baridi, nikaenda Longonot tulipowatibu watu wa reli ndani ya stoo ya stesheni, nikakaa Naivasha, na mwaka mmoja maji ya ziwa yalipoingia mtaa wa Kihoto nikang'oa meno ya watu nimevaa gambuti. Bwana Daktari alirudi kwao kabla ya uhuru. Mimi nilipanda kutoka dresa, msaidizi tu, hadi msimamizi wa chumba, nikawafundisha wengi, na somo la simiti nililianza kila mara kwa kufungua mdomo wangu. Tazameni, nilisema, jino lililokuwa hapa lilimwokoa mtu. Nilijisifu, nisiwafiche.

Mwezi wa mwisho kabla ya kustaafu nilikuwa Nakuru tena. Akaingia mzee mmoja mrefu mwenye pengo la mbele juu, anataka jino la bandia kwa kuwa binti yake anaolewa. Alikuwa amenitambua tangu mlangoni. Mimi nilimtambua alipofungua mdomo nikaingiza kioo. Tulishikana mikono tukacheka, wazee wawili wenye pengo mahali pamoja. Nikamweleza habari ya jino langu. Hakuwahi kuijua. Kisha akaniambia, bila haraka, kwamba yeye hakumpiga nyapara.

Nikaweka kioo chini.

Aliyepiga ni kaka yake, aliyekuwa na mke na mtoto mchanga. Wazee wa kwao walikaa, wakasikia kwamba serikali hainyongi mtoto, wakaamua mdogo ndiye akubali kosa. Mama aliahidiwa kwamba atabaki na wote wawili, mmoja nyumbani na mmoja akitoka jela. Kisha sisi tukaleta jino letu.

"Lakini mama aliambia nyinyi," akasema Kiprono. "Hakuficha."

Nikabisha. Nikasema nilikuwepo, hakutuambia kitu, alitaka jino tu.

"Alisema rudisha hii, ataleta ingine."

Jamani. Kwa Kiswahili chetu cha bara kila kitu ni ingine: kiti ingine, ng'ombe ingine, mtoto ingine. Yule mama alikuwa akichagua kati ya watoto wake wawili, kwa sauti, mbele ya Inspekta, na mimi nikamfundisha habari za kusaga meno. Ganzi ilinishika mwili mzima bila sindano. Sasa nimestaafu, na simiti ya jino nimewaeleza yote ninayoyajua, kazi yake na namna zake, na mtaisoma vizuri zaidi kuliko mimi. Mgonjwa akisema neno, muulizeni ana maana gani. Sisi hatukuuliza.

Siku ile, kabla hajashuka kitini, nilimuuliza Kiprono huyo kaka yake aliishia wapi.

"Ile ingine?" akasema, akatabasamu na pengo lake. "Iko nje kwa benchi. Ndiyo imenileta."

Nikatoka kutazama. Mzee mmoja alikuwa amekaa, ameshika kofia mbili, yake na ya mdogo wake. Aliponiona alisimama kwa adabu akanichekea, na meno yake ya juu yalikuwepo yote.